Kamera Humtafuta Steringi

Nilimjua steringi kabla sijajua jeshi ni nini. Nilimjua kwenye kibanda umiza, banda la mabati lenye mabenchi ya mbao na runinga moja iliyowekwa juu kabisa ili hata wa nyuma waione. Kiingilio kilikuwa shilingi mia. Mtafsiri aliketi pembeni na maiki yake, akitufasiria Kiingereza ambacho nadhani naye alikuwa akikibahatisha, na sisi watoto tulimwamini kwa kila neno. Ila kulikuwa na kanuni moja ambayo haikuhitaji mtafsiri: steringi hafi. Wenzake watakufa mmoja baada ya mwingine, na yule rafiki yake mcheshi aliyetuonyesha picha ya mchumba wake ndiye atakayetangulia. Yeye atatoka kwenye moshi peke yake, bunduki begani, jasho likimtiririka. Jina la Rambo lilituingia hadi likawa jina la mfuko wa plastiki. Mama akikutuma sokoni alikwambia usisahau rambo.

Niliyaona hayo kuwa mambo ya utoto mpaka tarehe 15 Januari 2019.

Alasiri ile wanamgambo wa Al-Shabaab walivamia eneo la 14 Riverside jijini Nairobi, penye hoteli ya DusitD2, mikahawa na ofisi. Mmoja wao alijilipua karibu na mkahawa, wenzake wakaingia wakifyatua risasi. Kazi ya kuwatoa watu na kuwamaliza washambuliaji iliendelea usiku kucha hadi asubuhi ya pili. Waliouawa walikuwa 21, akiwemo askari polisi. Mamia walitolewa wakiwa hai, wengine baada ya kujificha kwa saa nyingi huku wakiwaandikia ndugu zao ujumbe kwa simu walizozizima sauti.

Nilikuwa Dar es Salaam, nikifuatilia kama kila mtu alivyofuatilia. Katikati ya picha zilizomiminika, moja ilirudi kwenye simu yangu mara nyingi kuliko zote. Mtu mmoja aliyevaa jinzi na shati la kawaida, juu yake fulana ya kuzuia risasi, uso ndani ya balaklava, bunduki mkononi. Alionekana kama mtu aliyekatizwa safari ya dukani. Haukupita muda magazeti ya Uingereza yakaandika kuwa ni askari wa SAS, kikosi maalumu cha jeshi la nchi yao, na kwamba aliingia ndani ya jengo. Serikali yake ikasema inachosema siku zote kuhusu vikosi hivyo: haitoi maoni. Mitandao haikungoja maoni. Ilikuwa imeshampata steringi. Kufikia mwisho wa wiki nilikuwa nimeshatumiwa hadithi ya mtu mmoja aliyeiokoa Nairobi peke yake.

Mimi pia niliisambaza ile picha, nikaweka na alama ya moto. Siku chache baadaye swali likanijia na halijaondoka. Katika usiku mzima wa kazi ya mamia ya watu, kwa nini tulibaki na mmoja? Na wale waliobaki nje ya picha, kutoonekana kwao kunamgharimu nani? Nimejaribu kulijibu kwa kukifuata kikosi cha mtu yule kurudi nyuma, hadi siku ambayo hakikuwa na kamera hata moja.

*

SAS ilianzishwa mwaka 1941 huko Afrika Kaskazini na David Stirling, ofisa kijana wa jeshi la Uingereza, ili kuvamia viwanja vya ndege vya adui nyuma ya mstari wa mbele. Vita vilipokwisha ilivunjwa, kisha ikafufuliwa kwa ajili ya vita vya msituni huko Malaya. Kwa miaka mingi baadaye Waingereza wachache waliokuwa nje ya jeshi walilijua jina lake.

Mwaka 1972 askari wake walikuwa Dhofar, kusini mwa Oman, wakimsaidia Sultan Qaboos dhidi ya waasi wa mrengo wa kushoto. Kwenye makaratasi walikuwa walimu tu wa jeshi. Waasi waliwaita adoo, neno la Kiarabu ambalo Mswahili hahitaji kamusi kulielewa, maana ndilo adui yetu.

Alfajiri ya tarehe 19 Julai, msimu ambao pepo za kusi, hizi hizi za kwetu, zinaifunika pwani ile kwa ukungu na manyunyu, waasi wapatao 250 waliuvamia mji mdogo wa Mirbat. Askari wa SAS waliokuwepo walikuwa tisa, pamoja na askari wa Oman na wapiganaji wenyeji. Karibu na ngome palikuwa na mzinga wa zamani unaotakiwa kuendeshwa na watu kadhaa. Sajini Talaiasi Labalaba, mzaliwa wa Fiji, aliukimbilia. Aliyekuwa naye pale mzingani ni mpiga mzinga wa Oman, Walid Khamis, ambaye alijeruhiwa vibaya. Labalaba alipigwa risasi ya taya akaendelea kupiga mzinga mpaka alipouawa. Mwenzake Thomas Tobin, aliyekwenda kusaidia, naye alijeruhiwa na baadaye akafa. Ndege za jeshi la Oman zikafika, askari wa akiba wakafika, na mji haukuanguka.

Kisha kimya. Serikali ya London haikutaka wananchi wake wajue kina cha vita ile. Labalaba alitajwa kwenye taarifa ya vita, heshima ndogo kwa mtu aliyefanya alichokifanya. Sanamu yake iliwekwa Hereford, makao ya kikosi, mwaka 2009. Nyingine ilizinduliwa kwao Fiji, kwenye uwanja wa ndege wa Nadi, mwaka 2018, yaani miaka 46 baada ya kifo chake. Walid Khamis utamkuta kwenye vitabu vya historia ya vita vile, mara nyingi kwa sentensi moja.

Siupambi ukimya huo. Ulimdhulumu Labalaba, ulimdhulumu Walid zaidi, na uliwanyima raia wa Uingereza habari ya vita iliyopiganwa kwa kodi zao. Lakini kuna kitu kimoja ulichokilinda. Kwa wale wachache waliokijua kisa cha Mirbat, kilikuwa kisa cha watu wengi. Hapakuwa na picha ya kuwalazimisha wachague mmoja.

*

Miaka minane baadaye kamera zilikuwepo.

Tarehe 30 Aprili 1980 watu sita wenye silaha, Waarabu wa Khuzestan nchini Iran, waliuteka ubalozi wa Iran ulioko Princes Gate, London. Ndani mlikuwa na mateka 26. Watekaji walidai wafungwa wenzao waachiwe. Waandishi wakapiga kambi mtaani, na polisi wakawasukuma nyuma kwa sababu iliyokuwa bado mbichi. Kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, runinga ziliwaonyesha polisi wakijipanga juu ya jengo walimoshikiliwa wanariadha wa Israel. Watekaji nao walikuwa na runinga. Waliyaona yote, na mpango wa kuvamia ukasitishwa. Ni baada ya Munich ndipo Ujerumani Magharibi ilipounda GSG 9, na SAS nayo ikaanza kufundisha timu ya kupambana na utekaji. Kwa maana hiyo kikosi tunachokijua leo kilizaliwa upya kutokana na kosa la kamera.

Siku ya sita watekaji walimuua mateka mmoja na mwili wake ukatupwa nje. Jioni ya Jumatatu, tarehe 5 Mei, saa moja na dakika ishirini na tatu, watu waliovaa nguo nyeusi walishuka kwa kamba kutoka paani na kulipua madirisha. Ilikuwa sikukuu, watu wako nyumbani. BBC ilikatiza fainali ya dunia ya snuka ili kuonyesha. Shirika la ITN lilikuwa limepenyeza kamera kwenye nyumba za upande wa nyuma. Dakika 17 baadaye yalikuwa yamekwisha. Watekaji watano walikuwa wamekufa na mmoja amekamatwa. Mateka mmoja aliuawa na watekaji wakati wa uvamizi. Waliobaki walitolewa hai.

Picha iliyobaki ni ile ya roshani. Kuta nyeupe, moshi, mtu mweusi tii mwenye barakoa ya gesi. Huyo alikuwa steringi wa aina mpya. Wa kibanda umiza alikuwa na uso na misuli yake, na sisi tuliishia kumshangaa. Huyu hakuwa na uso, kwa hiyo kila kijana aliyemwona aliweza kuuweka wa kwake mle ndani.

Sasa hesabu visivyokuwemo pichani. Kuna siku sita za wapatanishi wa polisi waliokaa kwenye simu na watekaji, wakivuta muda saa baada ya saa. Kuna ndege za abiria zilizoombwa zipite chini zaidi juu ya mtaa ule ili mngurumo wake ufunike sauti ya matundu yaliyokuwa yakitobolewa ukutani. Kuna Trevor Lock, polisi wa kawaida aliyekuwa mlinzi mlangoni, akatekwa pamoja na wengine akiwa na bastola iliyofichika chini ya koti. Kwa siku sita hakulivua koti lile, kwani kulivua kungeiacha bastola wazi. Uvamizi ulipoanza alimrukia kiongozi wa watekaji. Mtu anayekaa siku sita na bastola bila kuitumia si picha nzuri. Ila bila subira ya aina hiyo, zile dakika 17 zisingekuwa na mtu wa kuokoa.

Na kuna lililotokea vyumbani. Baadhi ya mateka walisema baadaye kuwa baadhi ya watekaji walipigwa risasi wakiwa wameshajisalimisha. Baraza la wazee wa mahakama lililochunguza vifo likaamua kuwa mauaji yalikuwa halali. Labda yalikuwa hivyo. Lakini ni nani, mwezi ule, angekuwa na hamu ya kuuliza? Nchi nzima ilikuwa imetazama filamu na steringi ameshinda.

Matokeo yalikuja haraka. Maombi ya kujiunga yalifurika. Serikali za nje zikataka kufundishiwa askari wao. Mwaka 1982 ikatoka filamu iliyopewa jina la kaulimbiu ya kikosi, Who Dares Wins. Kikosi kilichojengwa juu ya kutojulikana kikawa moja ya majina yanayojulikana zaidi duniani, na hakukuwa na njia ya kurudi.

*

Umaarufu ukishaingia nyumbani, haukai sebuleni. Huingia hadi chumbani, kwa watu wanaolala pamoja.

Januari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, askari wanane wa SAS walishushwa kwenye jangwa la Iraq usiku. Jina la doria yao lilikuwa Bravo Two Zero. Waligunduliwa, redio hazikufanya kazi ipasavyo, na baridi ilikuwa kali kuliko walivyotarajia. Watatu walikufa, wanne wakatekwa, mmoja akatembea hadi Syria. Kijeshi ni kisa cha kushindwa, na wenyewe wangeweza kukizika. Kikawa kisa cha SAS kilichosomwa kuliko vyote.

Aliyekuwa kamanda wa majeshi ya Uingereza katika vita ile, Jenerali Peter de la Billière, mwenyewe mtu wa SAS tangu ujana, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1992. Mkubwa akishasema, mdogo atanyamazishwa na nani? Mwaka 1993 kiongozi wa doria alitoa kitabu chake kwa jina la bandia la Andy McNab. Mwaka 1995 yule aliyetembea hadi Syria akatoa cha kwake, naye kwa jina la bandia, Chris Ryan. Kila kitabu kilikuwa na steringi wake, na ajabu ni kwamba mara nyingi alifanana na mwandishi.

Visa vile havikulingana. Mmoja wa waliokufa jangwani alichorwa kwa namna iliyoonekana kumtwika lawama ya yaliyowapata, na familia yake ikapinga hadharani. Mwaka 2002 mwandishi Michael Asher, ambaye naye aliwahi kuwa kwenye kikosi cha akiba cha SAS, alitoa kitabu baada ya kwenda Iraq na kuongea na Mabedui wa eneo lile. Walichomweleza kilikuwa na risasi chache na maiti chache kuliko vitabu vya kwanza. Ukweli ni upi, walioujua wote ni wale wanane, na watatu kati yao hawakuwa na fursa ya kuandika. Hapo ndipo steringi anapogharimu. Ili mmoja atoke kwenye moshi akiwa mzima, lazima wengine wafanye kazi ya kufa, na hadithi ikihitaji mzembe, marehemu hana la kusema.

Mwaka 1996 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilileta mkataba wa siri. Askari wa vikosi maalumu atie saini kwamba hatatoa lolote bila ruhusa, au arudishwe kwenye kikosi alikotoka. Mwanajeshi mmoja wa Bravo Two Zero, raia wa New Zealand, aliandika kitabu chake akisema anataka kuweka rekodi sawa na kuwatetea wenzake. Kesi ilifika hadi Baraza la Faragha mjini London, ambalo mwaka 2003 liliamua kuwa mkataba ni halali. Kitabu kilitoka mwaka 2004, lakini faida yake ikawa haki ya serikali ya Uingereza. Jenerali alikwisha andika bila mkataba wa namna ile. Askari aliyekuja kusahihisha ndiye aliyekutana nao.

Marekani walipita njia hiyo hiyo kwa kasi zaidi. Usiku wa tarehe 2 Mei 2011 makomando wa jeshi la majini walimuua Osama bin Laden nchini Pakistan. Sisi wa Dar es Salaam na Nairobi tulikuwa na hesabu yetu naye tangu tarehe 7 Agosti 1998, siku watu 224 walipouawa kwenye balozi mbili. Mwaka uliofuata uvamizi, komando mmoja alitoa kitabu bila idhini, na baadaye alikubali kuirudishia serikali mamilioni ya dola aliyoyapata. Mwenzake wa kikosi kile kile alijitokeza kwenye runinga akisema yeye ndiye aliyepiga risasi ya mwisho, na ubishi ukaanza. Kazi iliyochukua miaka ya uchunguzi, marubani, wachambuzi na makumi ya askari ikabaki na swali moja tu: nani alimpiga? Hilo ni swali la kibanda umiza. Tulizoea kuliuliza kwa kelele, tukigombania benchi.

*

Mtu angeweza kuishia hapo na kusema: basi wanyamaze, kamera zizimwe. Nilikuwa karibu kusema hivyo hadi nilipofika Gibraltar.

Tarehe 6 Machi 1988 askari wa SAS waliwapiga risasi na kuwaua watu watatu wa IRA mtaani. Mwanzoni ilielezwa kuwa kulikuwa na bomu. Bomu halikuwa pale, na wale watatu hawakuwa na silaha, ingawa vilipuzi vya mpango wao vilikutwa baadaye Hispania. Wiki chache baadaye runinga ya Thames ilirusha kipindi kilichowahoji mashahidi wa mtaa ule, licha ya serikali kukipinga vikali. Mwaka 1995 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kwa kura 10 dhidi ya 9, iliamua kuwa Uingereza ilikiuka haki ya kuishi ya watu wale. Na mwaka 2022 BBC ilitangaza uchunguzi uliodai kuwa kikosi kimoja cha SAS kiliwaua watu 54 katika mazingira ya kutia shaka nchini Afghanistan. Serikali ikaunda tume inayoongozwa na jaji.

Kwa hiyo kamera si moja. Ipo inayotafuta shujaa na ipo inayotafuta maiti ili iulize ilikufaje. Serikali huzichukia zote mbili hadharani, lakini huziogopa kwa viwango tofauti. Ya kwanza huivujishia siri za ushindi. Ya pili huiuliza maswali. Na ya kwanza ikishafanya kazi yake vizuri, ya pili hupata shida kusikilizwa, maana tumeshamjua mtu wa kwenye roshani na hatutaki kuambiwa mengine.

*

Sasa turudi Nairobi.

Kenya ina kikosi chake cha namna hii, Recce, kilicho chini ya GSU ya polisi. Tarehe 21 Septemba 2013 Al-Shabaab walipovamia Westgate, walioanza kuingia ndani walikuwa polisi waliovaa kiraia na wananchi wenye bastola za leseni, kama Abdul Haji, aliyepigwa picha akimnyooshea mkono mtoto mdogo wa kike anayekimbia kuja kwake. Baadaye zikaja Recce na jeshi, bila amri moja. Ofisa wa Recce aliuawa katika mkanganyiko ule, na taarifa zilisema risasi zilitoka upande wa wenzake. Siku nne zikapita, watu 67 wakafa. Kisha zikatoka video za kamera za dukani zikionyesha wanajeshi wakitoka na mifuko ya plastiki, rambo zile zile za utoto wangu. Jeshi lilisema walibeba maji ya kunywa. Baadaye askari wawili walifukuzwa kazi na kufungwa.

Tarehe 2 Aprili 2015 ikawa Chuo Kikuu cha Garissa. Shambulio lilianza alfajiri. Recce walifika alasiri, baada ya baadhi ya waandishi waliotoka Nairobi kwa barabara kuwa wameshafika. Walipoingia, walimaliza kwa muda mfupi. Waliokufa walikuwa 148, wengi wao wanafunzi wa umri wangu. Baada ya hapo Recce wakawa steringi wetu. Vichekesho, picha, sifa. Walistahili sifa. Lakini nakumbuka jinsi sifa zile zilivyofunika swali la ndege. Waliochelewa hawakuwa waoga, walikosa usafiri na uamuzi. Ukimwimba komando, humwulizi mtu wa ofisini ndege ilikuwa wapi saa mbili asubuhi. Kuna viongozi ambao steringi ni baraka kwao kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

DusitD2 haikuwa Westgate, na hiyo ndiyo habari ambayo picha ya balaklava iliimeza. Safari hii polisi waliovaa kiraia waliingia mapema, Recce wakaja, na jeshi halikukanyagana nao kama mwaka 2013. Watu walitolewa kwa makundi, chumba hadi chumba, usiku mzima. Wakenya walikuwa wamejifunza kitu kwa gharama ya maisha 67 na kisha 148. Dunia ilipotazama, ilimwona mgeni mmoja.

Sina ugomvi na mgeni huyo. Hakujipiga picha. Aliingia mahali ambapo mtu mwenye akili angekimbia kutoka, na nchi yake ilimpa nishani ya ushujaa. Baadaye, alipoacha jeshi, tulimjua kwa jina la bandia la Christian Craighead. Aliandika kitabu, wizara ikamkatalia kwa mkataba ule ule wa 1996, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ya London ikalikataa ombi lake. Hadithi yake ikawa inasimuliwa na kila mtu isipokuwa yeye. Fulana zinauzwa, nembo zinauzwa. Huenda angetuambia, kama angeruhusiwa, majina ya Wakenya aliokuwa nao ngazini. Hatujui, na hasara hiyo ni yetu pia.

Kuna picha nyingine ya siku ile. Gazeti la New York Times lilichapisha picha ya watu waliouawa wakiwa mkahawani, miili yao ikiwa pale pale mezani walipokaa. Wakenya walikasirika, Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likaitaka iondolewe, gazeti likajitetea. Nikiziweka picha mbili zile pamoja sihitaji hotuba. Aliyekuja kuua na kuokoa amefunikwa uso, na dola nzima inaulinda uso ule. Waliokuja kula chakula cha mchana hawakufunikwa hata kwa shuka.

Juzi nilizitafuta tena picha za alasiri ile, zile ambazo hazikusambaa. Ziko nyingi. Mwanamume mwenye tumbo kidogo, shati la ofisini, bastola mkono mmoja, mkono wa pili umemshika mwanamke anayekimbia bila viatu. Askari mwenye bunduki ameinama nyuma ya gari, amegeuza kichwa kumsikiliza mwenzake. Wahudumu wa Msalaba Mwekundu wanasukuma machela. Nilijaribu kutafuta majina yao chini ya picha. Chini ya nyingi pameandikwa tu: maofisa wa usalama wakiwasaidia raia.

Niliihifadhi ile ya mwenye shati la ofisini. Hamna moshi, na nusu ya uso wake imekatwa na mlango wa gari. Simjui jina. Mwanamke anayemvuta ameangalia chini, anatafuta pa kukanyaga.